Taarifa za chama hazikufikii? Fuata dalili mpaka ujue zinapotelea wapi

Mkutano mkuu umeshafanyika. Au mwisho wa kulipa ada ulikuwa jana, au leseni ya kazi imeisha muda wake na bodi inasema ilikukumbusha kwa imeili zaidi ya mara moja. Wewe hukuona kitu. Ofisi inaapa ilituma, nawe unaapa hukupata, na mara nyingi wote wawili mnasema kweli: barua ilitoka, ikakwama njiani au ikakaa mahali usipopaangalia. Nashughulikia daftari la wanachama wa saccos, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Dar es Salaam, na malalamiko haya nayapokea kila msimu wa mkutano mkuu. Yananiuma, kwa sababu mtu aliyeweka akiba yake mwaka mzima anakosa kupiga kura juu ya gawio lake mwenyewe kwa tatizo ambalo lingetatuliwa akiwa amekaa kwenye kiti cha daladala.

Shida hii haiko kwenye saccos peke yake. Mhasibu wa NBAA (bodi ya wahasibu), mhandisi wa ERB (bodi ya wahandisi), wakili wa Chama cha Mawakili Tanganyika, wote wana ada za kila mwaka na tarehe zisizosubiri mtu. Mifano mingi hapa ni ya Gmail kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye simu nyingi za Android tunazotumia, na majina ya vitufe nimeyaacha jinsi yanavyoonekana kwenye simu zetu, maana wengi wetu hatujazibadilisha lugha.

Anza kwa kutafuta, lakini tafuta kote

Watu wengi huandika jina la chama kwenye sehemu ya kutafutia, wakikosa wanahitimisha kwamba hawakutumiwa. Utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii kwenye Spam (sehemu ya barua taka) wala kwenye tupio. Ili uingie kote, andika hivi: in:anywhere, acha nafasi, halafu jina la chama. Ukiwa unaijua anwani yao, ni bora zaidi: in:anywhere from: kisha bila kuacha nafasi uandike sehemu ya anwani inayofuata baada ya alama ya @.

Kabla hujabonyeza, gusa picha au herufi iliyo kwenye duara juu upande wa kulia uone uko kwenye akaunti ipi. Simu moja inaweza kuwa na akaunti tatu, na ile unayoitazama huenda siyo uliyoiandika kwenye fomu ya uanachama.

Sasa angalia tarehe ya barua ya mwisho uliyoipata kutoka kwao. Kama ni ya juzi na ilikuwa imekaa mahali pengine, tatizo lako ni la kujificha. Kama ni ya mwaka jana, kuna kitu kilikatika. Kama hakuna hata moja tangu ujiunge, shida imeanzia kwenye anwani. Na kama zipo zote kwenye kikasha ila zinakufikia mambo yameshapita, basi twende kwenye mipangilio ya simu. Usirukie tiba kabla ya kujua uko kwenye lipi kati ya haya manne.

Dalili: barua ipo, ila imejificha

Mwaka 2013 Gmail ilianza kuzigawa barua zinazoingia katika makundi: za msingi huku, za mitandao ya kijamii kule, za matangazo kwingine. Mashine ndiyo inayogawa, na taarifa ya chama iliyotumwa kwa watu mia nne kwa mpigo, yenye nembo juu na viungo vya kubonyeza chini, kwa macho ya mashine inafanana na tangazo la duka la viatu. Inapelekwa Promotions. Kwa kawaida simu hailii barua ikiingia huko, kwa hiyo huwezi kujua imefika mpaka uifuate mwenyewe.

Ukiikuta huko, ihamishie Primary, yaani kundi la msingi. Kwenye kompyuta unaiburuta, kwenye simu unagusa vidoti vitatu kisha Move to. Ukiikuta Spam, fungua kisha bonyeza Not spam, na uifanye leo hii, kwa sababu vilivyomo Spam hufutwa vyenyewe baada ya siku 30. Halafu hifadhi anwani ya chama kwenye orodha yako ya majina, kama unavyohifadhi namba ya simu.

Hatua hizo zinasaidia, lakini tiba inayodumu ni kichujio. Kichujio ni amri unayoiwekea akaunti yako mara moja: barua yoyote kutoka anwani hii, ifanyie hivi. Programu ya Gmail ya kwenye simu haina sehemu ya kutengeneza kichujio, kwa hiyo utahitaji kompyuta. Ingia Settings, See all settings, kisha Filters and Blocked Addresses, ubonyeze Create a new filter. Kwenye From usiandike anwani nzima. Andika sehemu ya baada ya @ pamoja na alama yenyewe, ili kesho mhasibu wa chama akituma kwa anwani yake na katibu kwa yake, zote zikamatwe. (Kama chama chako kinatumia anwani ya gmail.com, hapo itabidi uandike anwani nzima, la sivyo utaita barua za nchi nzima.) Kisha weka alama kwenye Never send it to Spam, chagua Categorize as Primary, na uzipe lebo, tuseme UANACHAMA. Ukishamaliza, ukurasa huohuo utakuonyesha anwani ulizozizuia. Zisome. Nimeona watu waliozuia anwani ya chama chao siku waliyokasirishwa na kikumbusho cha rejesho, wakasahau.

Kama kompyuta unayotumia ni ya steshenari, fungua dirisha la siri la brauza, na usiondoke kabla ya kutoka kwenye akaunti. Kuna akaunti nyingi mno hapa mjini zilizoachwa wazi kwenye kompyuta za watu.

Kuna maficho mengine mawili ambayo hayazungumzwi sana. La kwanza ni barua kulaliana. Gmail inaweza kukusanya pamoja barua zenye kichwa kimoja kutoka kwa mtumaji yuleyule zilizokuja ndani ya siku chache. Ofisi ikituma “TAARIFA KWA WANACHAMA” Jumatatu, ikatuma nyingine yenye kichwa hichohicho Alhamisi kusahihisha ukumbi, wewe unaona mstari mmoja na kudhani ndiyo ile uliyokwisha kuisoma. Angalia kitarakimu kilicho pembeni ya jina la mtumaji. La pili ni barua kukatwa mkia. Maandishi ya barua yakizidi kilobaiti 102, Gmail huonyesha sehemu tu na kuweka kiungo kidogo chini cha kuifungua yote. Tarehe ya mwisho ya kuchukua fomu za kugombea ujumbe wa bodi inaweza kuwa imebaki huko chini.

Dalili: zilikuwa zinakuja, kisha zikakoma

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu zilipokoma kuna jambo lilitokea siku hiyo au karibu yake, na ni lazima ulikumbuke.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni sanduku kujaa. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo hailiwi na barua peke yake. Picha zako zimo humo, mafaili ya Drive yamo humo, na kwenye simu za Android hata nakala rudufu ya WhatsApp inahesabiwa humohumo. Fikiria makundi uliyomo: kamati ya harusi, ukoo, mtaa, wazazi wa darasa la nne, kwaya au madrasa. Kila mmoja anarusha video, simu inazihifadhi, usiku inazipandisha kwenye akaunti yako, na siku moja nafasi inaisha. Kuanzia hapo barua haziingii. Zinarudi kwa aliyetuma.

Tena halikomei hapo. Mfumo wa ofisi unaotuma barua nyingi ukiona zako zinarudi kila mara, unaiweka anwani yako kwenye orodha ya anwani zilizokufa na kuacha kukutumia kabisa. Ndiyo maana mtu anasafisha akaunti yake, nafasi inapatikana, barua za watu wengine zinaanza kuingia, ila za chama bado kimya. Ni lazima uiambie ofisi ikurudishe. Andika ujumbe mfupi tu:

“Ndugu Katibu, mimi ni mwanachama namba fulani. Sijapata taarifa za chama kwa imeili tangu mwezi fulani. Akaunti yangu ilijaa, sasa nimeisafisha. Naomba muangalie kama anwani yangu imesimamishwa kwenye mfumo wenu, mnirudishe, na mnitumie taarifa zilizonipita. Asante.”

Kusafisha kwenyewe: andika has:attachment larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia, utaona barua zote zenye viambatisho vizito. Futa usizohitaji, kisha lifute na tupio lenyewe, maana vilivyomo tupioni bado vinakula nafasi kwa siku 30. Halafu ingia WhatsApp, Settings, Chats, Chat backup, uondoe alama kwenye Include videos. Kwa wengi hatua hii ya mwisho ndiyo inayorudisha nafasi kubwa kuliko zote.

Sababu ya pili: ulibonyeza Unsubscribe, kitufe cha kujiondoa kwenye orodha ya mtumaji. Mtu akichoshwa na matangazo hupita na kubonyeza kila anachokikuta, na chama kinabebwa na maji. Mifumo mingi ya kutuma barua haimruhusu katibu akurudishe kwa mkono wake ukishajiondoa. Ni wewe mwenyewe unayetakiwa kujaza upya fomu ya kujiandikisha, ili isije ikaonekana umelazimishwa. Kwa hiyo ofisi ikikuambia “jaza fomu tena”, usidhani wanakuzungusha.

Lakini kuna waliojiondoa bila kujua, na hawa wananisikitisha zaidi. Unapata taarifa ya mkutano, unaona ni vizuri mwenzako naye aione, unampelekea ilivyo. Chini ya barua ile kuna kiungo cha kujiondoa, na kiungo hicho kimebeba anwani yako wewe. Mwenzako akikibonyeza, mfumo unakuondoa wewe. Unapompelekea mtu taarifa ya chama, shuka mpaka chini ufute mistari ya mwisho kwanza. Au nakili maneno yanayohusika uyapeleke peke yake.

Sababu ya tatu ni kitufe cha Report spam. Baadhi ya kampuni za barua pepe humpelekea mtumaji taarifa kwamba fulani amelalamika, na mfumo wa mtumaji unamfuta mlalamikaji papo hapo. Tiba yake ni ileile ya kujaza fomu upya, baada ya kuiondoa anwani ya chama kwenye Spam.

Sababu ya nne ni kazi. Ulijiunga ukiwa umeajiriwa Posta, ukaandika anwani ya ofisini kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na heshima. Ukahama, ukastaafu, au mkataba uliisha. Mtu wa TEHAMA aliifunga anwani yako wiki ileile. Barua ya uanachama ni mali yako binafsi, itakufuata hata ukiwa shambani Mkuranga, kwa hiyo iwekee anwani yako binafsi. Hili nasisitiza kwa kila mwanachama mpya, tena nalisema kabla hajashika kalamu.

Na ya tano, chama chenyewe kimebadilisha anwani. Kichujio chako cha zamani hakiijui mpya. Ongeza.

Dalili: hujawahi kupata hata moja

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mbagala alikuja kaunta akiwa na hasira ya haki kabisa. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini mnanionea. Wenzangu wote wameitwa mkutanoni, mimi kila mwaka nasikia kwa watu.”

“Tuangalie simu yako pamoja, mwalimu. Hii akaunti iliyomo humu ni ya kwako?”

“Hiyo? Hiyo aliiweka yule kijana wa Kariakoo aliyeniuzia simu. Alisema bila hiyo simu haifanyi kazi.”

Kwenye fomu yake ya uanachama kulikuwa na anwani nyingine kabisa, iliyofunguliwa steshenari miaka ya nyuma alipokuwa anafuatilia mafao. Neno la siri aliliandika kijana wa steshenari. Laini iliyotumika kuthibitisha ilishapotea. Barua zetu zote zilikuwa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna mtu mwenye ufunguo wake, na kwa kuwa hazikurudi, kwetu zilionekana zimefika.

Hali hii imeenea mno Dar es Salaam, na sioni aibu yoyote kwa aliyekutwa nayo. Watu wengi waliingia kwenye imeili kwa kulazimika, kwa ajili ya simu mpya au maombi ya mtoto ya mkopo wa chuo, na mtu mwingine ndiye aliyewafungulia. Cha kufanya ni hiki. Uliza ofisi anwani iliyoandikwa kwenye daftari, wakusomee herufi kwa herufi. Kama ni akaunti unayoweza kuirudisha, ingia sehemu ya kurejesha akaunti ya Google, ukitumia simu uliyowahi kuitumia kuifungulia, ukiwa mahali ulipozoea kuitumia. Hayo mawili huisaidia Google kukutambua. Kama laini ya zamani haipo, usihangaike na namba hiyo. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kuwa imeshapewa mtu mwingine. Pia Google ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 2023 inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, kwa hiyo huenda hata hiyo unayoitafuta haipo tena.

Ikishindikana, fungua mpya. Fungua mwenyewe, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, uandike neno la siri kwenye daftari linalokaa nyumbani, na uongeze namba ya mwanao au ndugu unayemwamini kuwa ya kurejeshea. Kisha nenda ofisini ukabadilishe anwani kwa maandishi. Mwalimu wangu alifanya hivyo asubuhi ileile. Tulimtumia barua ya majaribio akiwa amesimama pale kaunta, simu ikalia mkononi mwake.

Kosa la mwandiko ni jingine. Fomu hujazwa kwa kalamu, na aliyeingiza kwenye kompyuta akasoma l kama 1, o kama 0, au akaandika gmail.con. Makosa ya namna hii yakiwa kwenye sehemu ya baada ya @, barua hurudi na ofisi makini itagundua. Yakiwa kwenye jina, kuna hatari zaidi: Neema ni wengi, na ukikosea tarakimu moja barua inafika kwa Neema mwingine. Hairudi, na Neema huyo anaifuta akijua siyo yake. Kwa Gmail usijisumbue na nukta, maana yenye nukta na isiyo na nukta ni anwani ileile. Kwa kampuni nyingine nukta ina uzito.

Mwisho wa sehemu hii, vyama vingine hukutumia kwanza barua ya kuthibitisha, na usipobonyeza kiungo chake jina lako haliingii kwenye orodha. Itafute kwa in:anywhere. Kama imepitwa na muda, omba nyingine.

Dalili: zinafika, ila unaziona zimechelewa

Angalia bando lako kwanza. Kuna vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake: WhatsApp inaingia, unachati, unaona uko hewani, kumbe imeili haipiti kwenye kifurushi hicho. Wapo pia wanaowasha data, wanasoma ujumbe wa WhatsApp, wanazima ili kubana bando. Dakika hiyo moja mara nyingi haitoshi kwa Gmail kuamka na kuvuta barua. Fungua programu ya Gmail yenyewe kila unapowasha data, uvute ukurasa kwa kidole kushuka chini.

Baada ya hapo ingia mipangilio ya Gmail, gusa akaunti yako, hakikisha Sync Gmail imewekwa alama na arifa zimewekwa All, maana High priority only huiachia mashine ikuamulie kilicho muhimu. Simu nyingi huzima programu za nyuma ili kutunza chaji. Kwenye mipangilio ya betri tafuta Gmail uipe ruhusa ya kufanya kazi bila kizuizi.

Kama chama chenu kinawasiliana kwa Google Groups, kuna mpangilio wa mwanachama unaoamua upate kila barua, upate muhtasari wa siku, upate furushi la barua hadi 25 kwa pamoja, au usipate kabisa. Aliyechagua furushi kwa sababu ya maneno mengi ya kundi atapata wito wa mkutano ukiwa katikati ya salamu za sikukuu. Chagua Each email.

Punguza matangazo ili chama kionekane

Hata ukirekebisha yote hayo, kikasha kinachopokea barua arobaini kwa siku kitaificha ya arobaini na moja. Tangu 2025 Gmail ina ukurasa wa Manage subscriptions kwenye menyu ya pembeni, unaoorodhesha watumaji wako wa mara kwa mara na kuonyesha anayekutumia nyingi. Ondoa maduka, michezo ya kubahatisha, mitandao uliyojiunga mara moja ukasahau. Kama ukurasa huo haujafika kwenye akaunti yako, tafuta neno unsubscribe uone nani anajirudia.

Kuna tahadhari mbili. Bonyeza Unsubscribe kwa mtumaji unayemfahamu tu. Kwa barua ya kitapeli usibonyeze kitu chochote ndani yake, iripoti kuwa spam na upite. Na kwa chama, bodi, mfuko wa pensheni, bima au shule ya watoto, usijiondoe moja kwa moja hata wakikuchosha. Shuka chini ya barua uone kama kuna sehemu ya kuchagua aina ya taarifa, ubakize za uanachama na uachane na semina na matangazo ya viwanja. Kama haipo, waandikie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kwa matangazo ya biashara, na pia haki ya kutaka taarifa zako zisahihishwe. Ofisi inayokuambia “ukikataa matangazo hutapata na wito wa mkutano” ibanwe kwa sheria hiyo.

Na usiwe mwepesi kulipa kwa sababu tu barua imefika na inafanana na ya bodi. Anwani zinazoishia na go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali peke yake, na ada za taasisi hizo hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Barua inayokutaka utume ada ya bodi kwenye namba ya simu ya mtu ni ya wizi, hata ikiwa na nembo safi.

Kwa sisi tunaotuma

Makatibu wenzangu, sehemu ya lawama hii ni yetu. Akaunti ya bure ya Gmail inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku. Chama chenye wanachama mia nane kikituma kwa njia hiyo, mia tatu watabaki nje, na kama orodha imepangwa kwa alfabeti watakuwa walewale kila mara. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa msingi wa anwani yake, SPF au DKIM, na kwa wanaotuma 5,000 na zaidi kwa siku masharti ni makali zaidi. Muulize aliyewasajilia jina lenu la mtandaoni linaloishia na or.tz kama hayo yamewekwa. Msiweke anwani ya gmail.com kuwa ndiyo mtumaji mnapotumia mfumo wa kutuma barua nyingi.

Tenganisheni orodha ya matangazo na ya taarifa za lazima. Andikeni tarehe na jambo kwenye kichwa cha barua. Na wito wa mkutano mkuu usitegemee imeili peke yake. Tumeni na SMS, mbandike na tangazo ofisini.

Umefanya yote na bado

Pigia ofisi simu, uombe wakutumie barua moja mkiwa mnaongea. Subiri dakika kumi. Ikirudi kwao, itarudi na namba, na namba hiyo ndiyo jibu. 5.1.1 maana yake anwani haipo, mrudie tahajia herufi kwa herufi. 5.2.2 au 4.2.2 ni sanduku limejaa. 5.7.26 ni kwamba Gmail imekataa kwa sababu mtumaji hajathibitishwa, na hapo wewe huna la kurekebisha, ni kazi ya ofisi na mtu wao wa TEHAMA.

Isiporudi na isifike, mwombe katibu aangalie kama mfumo wake umeirusha kweli au umeiruka kimyakimya kwa kuwa jina lako liko kwenye waliosimamishwa. Akikuta imerushwa, soma upya vichujio vyako kuona kama kuna kinachofuta au kupeleka barua kwa anwani nyingine. Ikiwa ni anwani ya kazini, muulize mtu wa TEHAMA wa kwenu kama kuna barua zinazozuiliwa kwenye lango la kampuni kabla hazijakufikia. Ukikuta hakuna kati ya hayo, mpe katibu anwani ya pili, ya kampuni tofauti na ya kwanza, mwombe atume kwa zote mbili mpaka mkutano upite.